Kasi ya Arubaini na Nane

Mie ni mtu wa haraka, na sioni haya kulisema hilo. Chai naimeza ya moto. Nikitumwa dukani narudi kabla aliyenituma hajakumbuka alichosahau kuniagiza. Mtu akizungumza nami taratibu, neno lake la mwisho namalizia mimi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tokea siku hiyo sijapunguza mwendo. Kwa hiyo mteja akiingia dukani kwangu hapa Chake akanikuta nimekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, naitazama CD moja ikichomwa kwa kasi ya kumi na sita ilhali mashine inaweza arubaini na nane, ana haki ya kuniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nilifanya kosa zamani kidogo, na kosa lenyewe likamwangukia mtoto wa watu.

Watu wa CD hawajesha, msidanganyike. Vijana wana simu zao, lakini gari nyingi za shamba bado zina redio za CD, na wapo wazee ambao redio zao wamezizoea kama mito yao ya kulalia, huwaambii kitu. Wananiletea mawaidha, qaswida na nyimbo za harusi, ziko kwenye simu au flashi, wanataka kutoka na CD mkononi. Kabla sijagusa chochote namuuliza mtu swali moja: utaipiga kwenye redio gani? Wengine hushangaa. Bwana mmoja aliniuliza kwani mie nataka kuiposa hiyo redio yake. Nikamwambia ajibu tu.

Maana kila CD tupu ina namba ya kasi yake usoni, nyingi ni hamsini na mbili, na kompyuta nayo inakupa orodha ya kasi uchague mwenyewe. Ukichagua kubwa, ule mwanga unaoandika unapita mbio, na alama unazoziacha zinaweza kuwa hafifu. Redio mpya haijali. Redio kongwe, ambayo jicho lake limeshachoka, inasoma kwa kupapasa. Ikifika pahala haioni vizuri inarudia, au inaruka. Na usidhani dawa ni kushuka chini kabisa. CD za siku hizi hazikutengenezwa kwa kasi ya nne, na ukizilazimisha zinakuharibikia vilevile. Kwa mashine yangu na CD ninazonunua, kasi yangu ni kumi na sita. Aliyeniambia hivyo ni jirani yangu fundi redio, mzee wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa Chake, Kipemba chake kizito kuliko changu. Aliniambia mapema kabisa, mwezi wa kwanza nilipofungua duka. Nilimsikia vizuri. Kufuata ndiyo sikufuata.

Sasa nimtaje Shangazi, dada wa baba yangu, ambaye anakaa Ole. Amesomesha wasichana madrasa tokea mie mdogo, miaka yote hiyo chini ya banda la makuti ambalo mvua ikinyesha watoto wanahamia upande mmoja, upepo ukigeuka wanahamia upande wa pili. Mwaka ninaousema, watu wa kule walikuwa wamemaliza kumjengea banda la matofali, lenye milango miwili na madirisha ya kweli. Siku ya kulifungua ikapangwa wiki moja baada ya msimu wa karafuu. Wageni wangetoka Gombani, Vitongoji na pengine, akina mama watupu, na Shangazi akatunga qaswida ya kuwapokea. Hakuwahi kutunga kitu na kukitoa mbele ya watu wasiokuwa wa Ole. Alikuwa na hofu, ingawa hakuisema. Niliijua kwa sababu alinipigia simu mara tatu kwa siku moja kuuliza mambo ambayo hayakuwa na maana.

Tabu ilikuwa moja. Msimu ukiingia, Ole inatawanyika. Familia zinahamia kambi za karafuu, nyingine mbali upande wa Mkoani, na watoto wanakwenda na mama zao kuokota na kuchambua. Wasichana wake ishirini wangekuwa kambi ishirini kwa wiki na wiki, halafu warudi waimbe pamoja kama hawajaachana. Kambini hakuna umeme, na simu mtoto hapewi. Lakini kila kambi ina redio ya betri, na redio nyingi wakati huo zilikuwa na mlango wa CD. Shangazi akaja na wazo lake mwenyewe: kila msichana aende na CD yake, aisikilize huku anachambua.

Akaja dukani Jumatano, na pamoja naye msichana wa miaka kama kumi na moja, mwembamba, macho makubwa, kakumbatia dufu. Nikazima feni, nikafunga mlango wa mbele, Shangazi akaimba qaswida tano mbele ya maiki yangu, mtoto akimpigia dufu polepole. Tulipomaliza Shangazi akaniambia kuwa ubeti wa kwanza wa ile qaswida ya wageni ataimba huyu mtoto peke yake, wenzake waitikie. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kuwa mtoto ana kigugumizi.

Mie na mdomo wangu nikauliza pale pale, mtoto anasikia, ataimbaje sasa. Shangazi akanitazama kwa lile jicho la mwalimu, akamwambia mtoto aimbe. Akaimba:

*Wageni tumewangoja, mlango tumefungua.*

Safi, hakuna pahala palipokwama. Shangazi akanieleza kuwa huyu akizungumza maneno yanamkwama, akiimba hayamkwami, na kwamba kwao na skulini hakuna anayelijua hilo vizuri kwa sababu hakuna anayemngoja mpaka amalize. Anataka siku hiyo wamsikie.

Walipokuwa wanaondoka mtoto akanigeukia. Akaanza: naomba, naomba ku, naomba ku. Gari ya wateja wengine ilikuwa inapiga honi nje, simu inalia. Nikamwambia, "Maji? Haya, yapo ndani." Akanitazama. Akaingia ndani, akanywa maji, akarudi, akasema ahsante. Shangazi mlangoni akaniambia, "Mwanangu, hizi zichome kwa utuvu. Usizikimbize." Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Siku ya pili umeme ukakatika tokea asubuhi, ukarudi baada ya adhuhuri. Jioni hiyo nilikuwa na harusi Vitongoji, ya rafiki yangu, gauni langu liko tayari limening'inia nyuma ya mlango, na gari tuliyopanga kwenda nayo ilishaanza kukusanya watu. CD ishirini. Nikafungua ile orodha ya kasi. Kidole kilipita kwenye kumi na sita, naikumbuka ilivyong'aa pale kati, kikaenda mpaka mwisho. Arubaini na nane. Nikazijaribu mbili kwenye redio yangu ya dukani, mpya, zikaimba bila ya kasoro. Shangazi alipomtuma mtu kuzichukua akanipigia na simu, akaniuliza nimezichoma polepole? Nikajibu polepole kabisa.

Nilipiga hesabu baadaye. Muda niliouokoa haukufika nusu saa. Na kule Vitongoji tulikaa saa nzima tunamsubiri bibi harusi avishwe.

Msimu ukapita. Siku nne kabla ya ufunguzi, Jumamosi asubuhi, nikaenda Ole kupeleka kadi za mwaliko nilizozichapa. Wasichana walikuwa ndani ya banda jipya wanajaribu qaswida, harufu ya chokaa bado ipo, vidole vyao vimepata rangi ile ya kahawia ya karafuu. Nikakaa kwenye kizingiti nisikilize. Yule mtoto akasimama mbele, akaanza.

*Wageni tume, tume, tumewangoja, mlango tumefungua.*

Madufu yakagongana, wasichana wawili wakacheka. Shangazi akamwambia aanze tena, kwa upole. Akaanza tena, na ikawa vilevile. Mara ya tatu vilevile. Shangazi akamwambia avute pumzi, asiwe na hofu, hapana mgeni hapa. Mtoto akavuta pumzi na akaimba kwa sauti nzuri ile ile niliyoisikia dukani, na pale pale, tume, tume, tumewangoja. Hakuonekana kuhangaika hata kidogo. Hicho ndicho kilichonichoma. Mtu aliyekwamiwa na neno unaliona shingoni mwake, unaliona machoni. Huyu alikuwa anaimba kitu anachokijua.

Shangazi akatazama chini. Kisha akamwambia kwamba si kitu, ataimba na wenzake kwenye kiitikio, na ubeti atauchukua mwengine. Akamtaja mwengine. Mtoto akaenda akakaa kwenye mstari wa nyuma, dufu kaliweka mapajani, na hakulipiga tena asubuhi hiyo.

Walipopumzika nikamfuata mtoto, nikamuuliza kama ile CD anayo. Akaitoa mkobani, kaifunga kwenye kipande cha kanga, haina hata mkwaruzo. Nikaiomba. Nikaitia kwenye redio ya Shangazi, ambayo mwanawe alimletea mpya. Ikaimba safi, mwanzo hadi mwisho. Shangazi akasema, kwa huzuni lakini bila ya kumlaumu mtu, "Umeona. CD haina neno."

Nami nikanyamaza. Nasema kweli: nikanyamaza. Nikasema ndani ya nafsi yangu, labda ni kigugumizi chake tu. Nikaaga, nikarudi Chake, na ile CD kwenye mkoba wangu.

Sikufungua duka. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi, nikamuuliza kama ana redio kongwe, kongwe kabisa, ya zile zinazokaa kambini. Akanishushia moja kutoka rafuni, imepoteza mkono wa kubebea na mlango wake umefungwa kwa mpira. Tukatia CD. Sauti ya Shangazi ikatoka, nyembamba kidogo. *Wageni tume, tume, tumewangoja.* Fundi akarudisha mwanzo. Tume, tume, tumewangoja. Akarudisha tena. Kisha akaniuliza, bila ya kunitazama, nimeichoma kwa kasi gani. Nikaanza kumweleza habari ya umeme. Akaniambia haina haja, keshajua.

Basi nikajua na mie. Mtoto hakukwama. Kwa wiki zote zile, mikono yake kwenye karafuu, alimsikiliza mwalimu wake akiimba hivyo, asubuhi na jioni, naye akajifunza kama alivyosikia, kwa utiifu, hakuongeza wala hakupunguza. Iliyokwama ni CD yangu. Mwenzake yeyote angefanya hivyo, tungecheka na tungeuliza. Alipofanya yeye, sote tulikuwa na jibu tayari.

Nilirudi Ole siku hiyo hiyo, alasiri. Shangazi alikuwa uani anamenya muhogo. Nikamshika mkono, shikamoo, marahaba, akashangaa kuniona mara ya pili. Nikamwambia yote nimesimama, maana nikikaa nilijua nitapunguza: umeme, harusi, kasi niliyochagua, na kwamba nilimwambia uongo kwenye simu. Akaendelea kumenya. Muhogo mmoja akaumaliza wote, mrefu, akauweka kwenye maji.

"Na mtoto nimemwondoa," akasema.

"Umemwondoa kwa sababu yangu."

Hakunigombeza, na mie nilitaka anigombeze. Akamtuma mtu amwite mtoto, nyumba ya tatu. Akaja mbio, akasimama mbele yetu, kanga kichwani. Shangazi akamweleza mwenyewe, kwa maneno mepesi, kuwa yeye Mwalimu hakuimba vile, kuwa CD ilikuwa na ubovu, na kuwa kosa si lake. Akamuuliza kwa nini hakusema asubuhi kwamba ndivyo alivyosikia.

Mtoto akaanza kusema. Lilimkwama neno la kwanza, kweli kukwama, shingo ikamkaza. Nilikuwa nalijua neno analolitafuta, au nilidhani nalijua, na ulimi wangu ulishanyanyuka. Shangazi akanishika mkono. Nikaumeza. Tukakaa, kuku akapita, mtu akaita kule barabarani. Na mtoto akasema, kidogo kidogo, haya ambayo nayaandika hapa kwa mkupuo ingawa yeye hakuyasema kwa mkupuo:

"Nilidhani Mwalimu kaniwekea mie. Ili nikikwama siku ya wageni, watu wajue ndivyo inavyoimbwa."

Mie nililia, sina la kuficha. Shangazi hakulia. Aliyaacha yale maganda, akajifuta mikono, akamtazama mtoto muda mrefu kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mkono mdogo.

"Basi," akasema, "ndivyo inavyoimbwa."

Kisha nikamuuliza mtoto, kwa sababu jambo lilikuwa linanikera tokea nilipokuwa kwa fundi: siku ile dukani, ulikuwa unaniomba nini? Akacheka kidogo. Alikuwa anaomba kuuliza kama CD itasoma kwenye redio ya babu yake ya kambini, maana ni kongwe kuliko za wenzake. Mie nikampa maji.

Kesho yake wasichana wakaanza upya. Yule aliyepewa ubeti aliurudisha kwa furaha, akasema usiku kucha aliota kausahau. Tabu ikawa ni madufu. Ubeti ulikuwa na mapigo yake, na zile tume mbili za ziada zilikuwa hazina pa kukaa. Shangazi akajaribu hivi, akajaribu vile, akaniambia hata mie nipige meza nione. Mwishowe akaamua kuwa kila tume ipigwe na madufu yote kwa pamoja, pigo moja moja, na wasichana wote waiseme. Ikifika "wangoja" wanyamaze, abaki mtoto peke yake. Alipolisikia neno lake likiimbwa hivyo mara ya kwanza, Shangazi alikaa kitako kwenye saruji mpya. Akaniambia kuwa yeye alilitunga neno la kungoja bila ya kulifikiri, kwa sababu lilikaa vizuri kwenye mizani. Banda lile alilingoja miaka mingapi, na neno hilo hakuwahi kulisema kama lilivyopaswa kusemwa.

Nami nikachoma CD nyingine ishirini badala ya zile mbovu, kwa kasi ya kumi na sita, nikakaa nazo moja baada ya moja, na kila moja nikaipeleka kwa fundi tukaijaribu kwenye ile redio yake ya mpira. Alichoka nami, lakini alizisikiliza zote.

Siku ya ufunguzi banda lilijaa hadi madirishani. Akina mama wa Gombani walikaa mbele, wa Vitongoji pembeni yao, marashi na udi mpaka pumzi inakuwa nzito. Mama yake mtoto alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kutoka mapema. Mtoto akasimama. Akaimba "Wageni", na madufu ishirini yakaanguka pamoja, tume, tume, tume, mpaka vioo vya madirisha mapya vikatetemeka, kisha kimya, na sauti moja nyembamba ikasema "wangoja". Nilimtazama mama yake. Alikuwa ameshaacha mlango, amesogea katikati ya watu, anapita kwenye magoti ya wenzake bila hata ya kuomba radhi.

Mambo yalipokwisha, na watu wanakula, Bi mmoja mtu mzima kutoka Vitongoji, mwenye kusikilizwa katika mambo ya qaswida, akamwita Shangazi. Akamwambia ameimba na amesikia nyingi, lakini pale penye mapigo matatu hajapata kupasikia. Nani katunga pale?

Shangazi alimgeukia mtoto aliyekuwa amesimama naye, sahani mkononi, na akina mama wote wakamgeukia.

Mtoto akafungua mdomo. Neno likamkwama. Mama yake akashusha pumzi, nami nililiona jibu lote likiwa tayari mdomoni mwangu, na midomo ya Bi yule ishaanza kutengeneza neno la kumsaidia. Shangazi akainua kidole kimoja tu. Watu wakanyamaza. Hapakuwa na aliyemalizia, hapakuwa na aliyempa maji.

Ilichukua muda. Tukamngoja mpaka akasema, "Ni mimi."